Susu Anapumua

Kabla ya kukikata kile kibuyu alikigonga kwa ukucha mara tatu, akasikiliza. Kibuyu kilichokauka sawasawa hulia; kibichi hunyamaza. Hiki kililia. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, hapa Kanyangi, kaunti ya Kitui, akitengeneza kikaragosi cha mashindano ya ubunifu ya wanafunzi.

Alichora mdomo kwa penseli, akaufuata mstari kwa kipande cha msumeno wa chuma alichokizungushia kitambaa pa kushikia. Taya la chini likatoka zima. Akalirudisha mahali pake kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akiugandisha kwa ndani, shavu hadi shavu. Mpira huo ndio bawaba.

Kisha akaja kwenye gazeti na uji wa unga wa ngano. Gazeti alilichana, hakulikata: ukingo uliochanika hulala na kushikana na mwenzake, uliokatwa kwa mkasi huacha alama. Tabaka moja, kivulini, mpaka kesho. La pili, kivulini tena. Jua la Kitui lingeimaliza kazi kwa saa chache.

“Juu panakauka, ndani bado mbichi, halafu kinapasuka,” aliniambia. Kichwa chake cha kwanza, chenye ufa kutoka paji hadi kidevu, alikuwa amekiweka dirishani ili akione kila anapotaka kuharakisha. Tabaka tano, siku tano.

Pua na mashavu aliyafinyanga kwa rojo ya karatasi, akayalainisha kwa msasa. Nywele ni mkonge uliosokotwa, ule ule wa kusukia viondo. Macho ni vifungo viwili vya shati, na hapo ndipo alipokawia zaidi. Mwenzake alikiinua kichwa, yeye akaenda nyuma ya darasa kutazama. Kikaragosi kilikuwa kinaangalia paa. Akavishusha vifungo upana wa unyasi. Sasa kikamtazama. Akakivisha leso, akakitia mikono inayoendeshwa kwa spoki, akakiita Susu, yaani bibi kwa Kikamba.

Ukambani kuchonga si jambo geni. Mutisya Munge wa Wamunyu anakumbukwa kwa kuleta ufundi aliojifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini kinyago huisha siku fundi anapoweka patasi chini. Kikaragosi siku hiyo ndipo kinapoanza.

Anayeanza hurusha kichwa nyuma kila kinywa kinapofunguka. Huyu alishusha kidole gumba tu: taya likashuka, kichwa kikatulia. Kiswahili nacho kilimsaidia, kwani silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayotaka kinywa wazi. “Ma-ji”: mara mbili, basi. Kati ya maneno, kifundo cha mkono kilipanda na kushuka kidogo mno. Susu alikuwa anapumua.

Siku ya mashindano Susu alifika kwenye mto mkavu, akachimba mchanga kwa mikono yake ya spoki, akainama juu ya shimo, akangoja maji yajikusanye. Hakusema neno. Nyuma ya shuka mkono ulikuwa juu muda wote, na leso haikutikisika ila kwa ile pumzi. Katika safu ya mbele, mtoto mmoja aliinuka kitini, akanyoosha shingo, akachungulia ndani ya shimo ambalo halikuwapo.