Majumba Marefu ya Shibam na Haki ya Jirani

 

Kila unapotajwa mji wa Shibam, ulioko katika bonde la Hadhramaut nchini Yemen, waandishi wengi hawakosi kuuita "Manhattan ya jangwani". Picha huwa ni ile ile: majumba ya udongo yamesimama kwa kubanana katikati ya bonde, nyuma yake magenge ya mawe, na msomaji anatakiwa astaajabu kwamba mji mdogo kiasi kile una sura ya jiji kubwa. Kwa upande wa pili wapo miongoni mwa wahubiri wetu ambao, wakiiona picha hiyo hiyo, hukimbilia hadithi ya Jibril na kutoa hukumu kwamba kila jengo refu ni dalili ya Kiyama, kwa hiyo ni dhambi.

Sisi tunaona kwamba wanaosifu na wanaolaumu wameingia katika kosa moja. Wote wanauangalia mji kwa mbali. Mafaqihi wetu walianzia mahali pengine kabisa. Walisimama uani kwa jirani, wakatazama juu, wakauliza: huyu anayejenga amemdhuru nani?

Mji wenyewe ulivyo

Shibam ni mji wa watu wachache tu, uliozungukwa na ukuta, juu ya kilima kidogo katikati ya njia za maji ya bonde. Ndani yake mna karibu majumba 500, mengine yakifika ghorofa saba, na marefu zaidi yanakaribia mita 30. Yote yamejengwa kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa na makapi na kukaushwa kwa jua. Msikiti wake wa Ijumaa ni wa kale kuliko majumba hayo kwa karne nyingi. Sehemu kubwa ya mji tunaouona leo ilijengwa baada ya mafuriko makubwa ya 1532 na 1533 kuuvunja mji uliokuwapo.

Kwa nini watu hawa walijenga kwenda juu? Si kwa kushindana na mtu. Ardhi iliyobaki bondeni ndiyo yenye mitende na mashamba, na maji ya mafuriko hupita humo. Aliyetandaza nyumba alipunguza chakula chake na kujiweka katika njia ya maji. Tena zilikuwa zama za kuviziana na kushambuliana, na mji uliobanana ndani ya ukuta ulilindika kwa wepesi. Urefu ulikuwa ni haja.

Mpango wa ndani wa nyumba unathibitisha hayo. Ghorofa za chini ni za kuwekea nafaka na mifugo, na karibu hazina madirisha. Za kati ni za wanaume na wageni wao. Za juu ni za wanawake na watoto. Huko juu nyumba nyingi zimeunganishwa kwa milango na madaraja, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka njiani. Sehemu za juu hupakwa chokaa ili mvua isiyeyushe udongo, na kazi hiyo haina mwisho: nyumba isiyotazamwa huporomoka. Juhudi za kuukarabati mji zilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2007. Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, mafuriko yaliipiga tena Hadhramaut. Mwaka 2015, kwa sababu ya vita, UNESCO iliyouandika mji huo katika urithi wa dunia tangu 1982 iliuingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuulinganisha mji huu na majengo ya biashara ya Marekani ni kusifu kimo na kusahau sababu ya kimo.

Onyo la Nabii Hud

Wanaolaumu nao wana hoja, na ni lazima tuiheshimu. Hadhramaut inanasibishwa na Ahqaf, makazi ya kaumu ya 'Ad, na katika bonde hilo liko kaburi linalozuriwa kila mwaka mwezi wa Shaaban kuwa ni la Nabii Hud (a.s.). Katika Suratush-Shu'araa, aya ya 128 na 129, Mwenyezi Mungu ametusimulia jinsi Nabii huyo alivyowalaumu watu wake kwa kujenga alama juu ya kila mwinuko kwa upuuzi, na kujifanyia majengo ya fakhari kana kwamba wataishi milele. Kwa hiyo watu wa Shibam wamejenga majumba marefu katika bonde lile lile linalonasibishwa na onyo hilo. Je, wamelipuuza?

Tuangalie lawama imeangukia wapi. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kwamba 'Ad walijenga kwa mchezo na kujionyesha nguvu, si kwa kuhitajia. Na aya inayofuatia, ya 130, inataja ujabari wao walipowashika watu. Majengo na dhuluma vimetajwa pamoja. Anayekomea kwenye majengo peke yake amesoma nusu ya onyo.

Hadithi ya Jibril

Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Umar (r.a.) inataja, miongoni mwa alama za Kiyama, wachunga mbuzi wasio na viatu wala nguo wakishindana kwa majengo marefu. Imam Nawawi katika sharhe yake ya Sahih Muslim ametahadharisha kwamba si kila alichokitaja Mtume (s.a.w.) kuwa ni alama ya Kiyama kinakuwa haramu au cha kulaumiwa, na mfano alioutoa ni huo huo wa wachungaji na majengo yao. Basi anayeitumia hadithi hii kuharamisha ghorofa anapingana na mmoja wa masharehe wake wakubwa.

Ipo pia hadithi ya Anas (r.a.) kwa Abu Daud, kuhusu mtu wa Ansari aliyejenga kuba, na Mtume (s.a.w.) akampa mgongo mpaka alipoibomoa. Wanavyuoni wamezungumza juu ya sanad yake, lakini mafunzo yake yanajulikana: jengo lisilokuwa na haja ni mzigo kwa mwenyewe. Na Abu Daud huyo huyo amepokea kwamba Bilal (r.a.) alikuwa akiadhini alfajiri juu ya nyumba ya mwanamke wa Bani Najjar, kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko zote karibu na msikiti. Nyumba ndefu ilikuwapo Madina, haikubomolewa, bali ilitumika kwa adhana. Neno linalozitenganisha hadithi mbili hizi ni haja.

Walivyosema mafaqihi

Misri ilipofunguliwa, Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha ghorofani huko Fustat. Ibn Abdil-Hakam amesimulia kwamba Umar (r.a.) alipopata habari alimwandikia Amr bin al-As akibomoe, kwa kuwa Kharija anataka kuchungulia sitara za majirani zake. Katika Mudawwana ya Wamaliki kuna habari nyingine ya Umar yenye kipimo cha vitendo: uwekwe kitanda, asimame mtu juu yake, akiweza kuona kwa jirani, mwenye chumba azuiwe, asipoona, aachwe. Sahnun aliulizwa juu ya mnara ambao muadhini akipanda anaona ndani ya nyumba za watu, akajibu kwamba azuiwe kuupanda. Na hapo pana mazingatio kwetu sisi tunaodhani kwamba kila kilicho cha msikiti kimesamehewa.

Madhehebu yetu ya Shafi ni mapana zaidi kwa mwenye milki. Aliyemiliki ardhi amemiliki hewa yake. Anaweza kuinua jengo, hata kufungua dirisha katika ukuta wake. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj amelifunga jambo hili kwa kamba ya ada: kila mtu atatumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akivuka mpaka huo atadhamini madhara yake. Katika mlango wa sulhu akaeleza habari za roshani na wikio linalovuka njia ya watu wote: lisiwadhuru wapitao, liinuliwe kiasi mtu apite chini yake akiwa wima, na panapopita misafara, apite ngamia aliyebeba machela pamoja na mbao za kivuli chake.

Ndugu msomaji, zingatia neno hili "ada". Madhehebu haya hayakutaja idadi ya ghorofa. Yaliiachia jamii ilinde heshima yake, na sheria ikasimama juu ya ulinzi huo. Watu wa Shibam ni Mashafi, na ada yao ilikuwa hai: ghorofa za wanawake juu, nguzo za mbao zilizochongwa kwenye madirisha ili aliye ndani aone asionekane, madaraja ya kupitia. Nyumba ya ghorofa saba iliweza kukaa ubavuni mwa mwenziwe bila ya kumvunjia sitara.

Ndugu zetu Maibadhi wa bonde la M'zab, Algeria, walifika lengo hilo hilo kwa njia nyingine. Walijenga miji mitano juu ya vilima, wa kwanza, El Atteuf, mwanzoni mwa karne ya 11. Msikiti na mnara wake uko kileleni, nyumba zinateremka kuuzunguka, na ada yao ni kwamba nyumba isimzuilie jirani jua. Huko Beni Isguen ndiko alikotoka Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914, ambaye tafsiri yake ya Himyan az-Zad ilichapwa Zanzibar katika matbaa ya Sultan Barghash. Mji mmoja umeinuka wote, mwingine umeteremka wote, na kwa mbali havifanani. Hukumu iliyovijenga ni moja.

Na sisi wa pwani?

Haya si masimulizi ya mbali. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit (1861–1925), kadhi mkubwa wa Zanzibar, ukoo wake unatokana na Shibam. Minhaj imesomeshwa misikitini kwetu kizazi baada ya kizazi. Na mitaa ya Lamu ina wikio na madaka yaliyojengwa kwa maana hiyo hiyo ya sitara. Wazee wetu walikuwa na ada.

Leo katika miji yetu midogo ghorofa zinapanda kwa kasi. Mwenye uwezo anajenga ya nne na ya tano, madirisha mapana ya vioo yanatazama uani kwa mjane anayeanika nguo zake. Mama huyo hana la kufanya ila kuhamia ndani na kufunga mlango. Akilalamika huambiwa kwamba mwenye nyumba ana kibali na kiwanja ni chake. Na akija kwa imamu, mara nyingi huambiwa asubiri. Wakati huo huo misikiti inashindana kwa minara, na walimu wa chuo kilicho chini ya mnara hawana mshahara. Kisha tunapiga picha kutoka baharini na kusema mji wetu umependeza.

Hatusemi kwamba ghorofa ni haramu. Nawawi hakusema hivyo, wala hatuna haki ya kusema. Wala hatudai kwamba sote turudi kwenye udongo. Tunasema kwamba madhehebu yetu yalimtegemeza mnyonge juu ya ada, na sisi tumeiacha ada ife huku tukiendelea kunukuu uhuru wa mwenye milki. Aliyechukua nusu ya kwanza ya maneno ya Minhaj na kuiacha ya pili hawezi kudai kwamba anaifuata Minhaj.

Lililo mikononi mwa maimamu si kubwa. Kabla ya kubariki msingi wa nyumba au wa msikiti, waulize dirisha litatazama wapi. Wapande wao wenyewe, wasimame mahali dirisha litakapokuwa, wafanye kile kipimo cha kitanda cha Umar (r.a.). Wakiona ua wa mtu, waseme. Na kamati za misikiti zimtangulize mwalimu kabla ya mnara. Ada hufa kwa kunyamaziwa, na huhuishwa kwa kutendwa mara moja, kisha mara ya pili, mpaka watu waone haya kuivunja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani wema. Wallahu a'lam.