"Kuhitimu" ni Nini? Uhakiki wa Shuhuda za Kaya Zilizotoka Katika Ruzuku

Tangu kaya zianze kutolewa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, imezuka aina yake ya maandishi, nayo ni ushuhuda wa mama aliyehitimu. Magazeti huuchapa, na makada huurudia mikutanoni. Mpangilio wake ni ule ule: mama alikuwa hohehahe, akapokea ruzuku, akafuga kuku, akanunua mbuzi, akaezeka mabati, na sasa anashukuru. Hatukanushi mabati wala mbuzi. Tunachohakiki ni fikra iliyomo ndani ya ushuhuda huo.

Mpango huo ulianza mwaka 2012 chini ya TASAF, na awamu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2020. Wapokeaji walio wengi walikuwa wanawake, kwa masharti ya kupeleka watoto kliniki na shuleni. Hayo ni mafanikio ambayo hatuna budi kuyatetea.

Kasoro ya kwanza ya ushuhuda ni kwamba unahesabu mali bila kuhesabu kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutukumbusha kuwa mwanamke wa kijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Basi umaskini wake hautokani na uvivu. Lakini neno "kuhitimu" limeazimwa shuleni, nalo linamfanya maskini aonekane kama mwanafunzi aliyekosa elimu. Akirudi katika dhiki baada ya kutoka, itasemwa kuwa ameshindwa somo, wala haitaulizwa nani ananufaika na jasho lake.

Kasoro ya pili ni kwamba ushuhuda hukoma siku ya kutoka. Tuchukue kata ya Izia, mjini Sumbawanga. Mama asiye na shamba la kutosha hulima kibarua katika mashamba ya wengine. Msimu wa palizi ndio wakati ambao mahindi ya mwaka jana yamemwishia na bei imepanda. Hapo hulazimika kupalilia kwa mwenye shamba ili apate chakula cha leo, na kipande chake mwenyewe kinamezwa na magugu. Akivuna kidogo, huuza upesi kwa bei ya chini ili alipe madeni. Mwaka unaofuata mzunguko huanza upya. Ruzuku, hata ilipokuwa ndogo, ilimwezesha kukataa kibarua siku mbili tatu akapalilia chake. Ikiondolewa bila kitu kingine kushika nafasi yake, mbuzi wa kwenye ushuhuda atauzwa mtoto atakapougua.

Matokeo yake yanaonekana kwa watoto. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Wingi wa mahindi ghalani hautoshi kumlisha mtoto mdogo mara kadhaa kwa siku, ikiwa mama ametoka alfajiri na kurudi jioni.

Kwa hiyo tunapendekeza kipimo kingine. Kaya ihesabiwe kuwa imetoka katika umaskini pale mama anapoweza kupita msimu wa palizi bila kuuza nguvu zake kwa bei ya njaa, na kupita ugonjwa mmoja bila kuuza mali. Ili afike hapo anahitaji ardhi, mbolea ya ruzuku kwa wakati wake, mikopo ya halmashauri isiyo na riba, bima ya afya, na mahali pa kumwacha mtoto awapo kazini. Madai hayo yanahusu mgawanyo wa mali na kazi, na hakuna semina inayoweza kuyatimiza.

Wajibu wa kada ni kurudi kwa kaya hizo mwezi Februari, wakati wa palizi, na kuuliza kilichomo ghalani. Jibu atakalopata liandikwe katika taarifa ya tawi, hata kama halina shukrani ndani yake.