Heko Mafundi wa Magobore

Wapo Wamarekani wanaoigiza uwanjani mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Wengi hubeba nakala za bunduki za Springfield ya 1861 na Enfield ya 1853 zilizoundwa Italia. Nakala hizo hufyatuka barabara, ila hutoka kiwandani na vanishi inayong'aa, mbao nene na maandishi ya kisasa mtutuni.

Hapo ndipo mafundi wanapostahili pongezi. Hukwangua vanishi, huchonga mbao hadi zipate wembamba wa zamani, kisha huzipaka mafuta ya kitani tabaka kwa tabaka. Kwa tupa na msasa hufuta chapa za kiwanda. Mtutu wa Springfield huuacha chuma cheupe, kama askari wa Kaskazini walivyoujua, na hugonga chapa ya tai na mwaka.

Ufundi huu una uaminifu wake. Namba ya bunduki haipotezwi; mara nyingi huhamishiwa chini ya mtutu, ikafunikwa na mbao. Basi wewe unayeuziwa gobore "la kale", omba kwanza mtutu uvuliwe, ukague chini yake.