Mililita 400 Tangu Saa Ngapi?

Majuzi, kwenye mafunzo ya wauguzi katika hospitali moja, kijana alipigiwa makofi kwa kutoa ripoti ya zamu. Sauti alikuwa nayo, sikatai. Alipita hali, historia, tathmini na pendekezo, mpangilio ule uliozaliwa kwenye nyambizi za nyuklia za Marekani kabla ya kuingia mawodini, wala hakukwama. Alipofika kwa mama mwenye kifafa cha mimba akasema: "Presha 150 kwa 100, anaendelea na magnesiamu, mkojo mililita 400, hali ni nzuri." Mwezeshaji akatuambia huo ndio mfano wa kuigwa.

Mililita 400 tangu saa ngapi?

Asiyeijua kazi husikiliza namba, akiiona kubwa anaridhika. Ila mfuko wa mkojo hausemi ulimwagwa lini. Katika ripoti ya saa moja na nusu asubuhi, 400 tangu saa sita usiku ni zaidi ya mililita 50 kwa saa, na mama huyo unamchoma dozi yake bila wasiwasi. Mfuko huohuo, kama ulimwagwa mara ya mwisho jana saa tano asubuhi, unakupa chini ya 20 kwa saa, na tunataka angalau 30. Magnesiamu hutoka kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua dawa inabaki mwilini, na kila baada ya saa nne wewe unaongeza gramu 5 kwenye tako. Kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, kisha pumzi zinashuka chini ya 16, halafu watu wanaanza kukimbia huku na huku wakitafuta kalsiamu glukoneti ambayo ilitakiwa iwe pale kitandani tangu sindano ya kwanza. Na hapo kitabu cha ripoti bado kinasomeka "hali ni nzuri".

Nilifundishwa na mkunga mmoja wa wodi ya wazazi, amestaafu sasa, ambaye hakuwahi kuutaja mkojo akiwa mezani. Alikupeleka kitandani, akainama, akasoma mfuko nawe ukisoma, akaandika, kisha akaumwaga mbele yako. Juu ya mfuko alibandika kipande cha plasta chenye saa. "Haya mwanangu," angesema, "kuanzia hapa ni wako." Ukimuuliza kama mama yuko salama, alikwambia gonga goti mwenyewe.

Matapeli nao nawajua. Fungua chati za usiku utazame safu ya pumzi: 20, 20, 20, wodi nzima, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Binadamu hawapumui hivyo. Huyo alikaa saa kumi na moja alfajiri akajaza karatasi zote kwa mkupuo, mwandiko haukubadilika wala kalamu haikuyumba. Ripoti yake siku zote ni nyepesi kusikiliza, kwa sababu haina mgonjwa ndani yake.

Ripoti nzuri hutolewa kwa kusimama. Ya kukaa si ripoti. Haianzi kitanda namba moja, inaanza kwa yule anayeweza kufa kabla ya chai ya saa nne. Neno "nzuri" halimo. Zamani zamu ya usiku iliandikwa kwa wino mwekundu, ukifungua kitabu unaona usiku ulikuwaje kabla hujasoma hata neno moja. Sasa kila kitu ni bluu, au kipo kwenye simu ya mtu aliyekwisha panda daladala.

Wengine wanampima mtoaji peke yake. Mimi namtazama mpokeaji. Utafiti wa I-PASS, uliochapishwa 2014 kutoka idara za watoto za hospitali tisa za Marekani na Kanada, ulikuta makosa ya kitabibu yamepungua kwa asilimia 23 baada ya madaktari kufundishwa makabidhiano, na sehemu ya mwisho ya mpangilio wao ni mpokeaji kurudia kwa maneno yake alichopewa. Mkunga wangu hakusoma utafiti huo. Alikuzuia tu mlangoni: "Nani anachomwa saa nne, tako lipi?" Ukibabaika, mnarudi kitandani wote wawili, hata kama basi lake linaondoka.

Yule kijana aliyepigiwa makofi, mpokeaji wake aliitikia "sawa, sawa" mpaka mwisho, kisha akachukua funguo za kabati la dawa bila kuhesabu ampuli za pethidini. Hilo nalo halikumshtua mtu yeyote ukumbini.