Zege kwenye shimo lenye wachimbaji

Mnaijua hatua yenyewe. Faili la Excel limeshachaguliwa, Microsoft Project imeshauliza kama data iingie kwenye mradi mpya au iungane na uliopo, na sasa limefunguka jedwali la kuoanisha: upande huu safu za Excel, upande ule za Project. Huku kuna Start, na kule kuna Start. Mkono unabofya wenyewe. Finish nayo inapewa Finish, kitufe cha kumaliza kinabonyezwa, na pau za bluu zinajipanga kwenye skrini kama askari wa gwaride. Ratiba imeshaharibika hapo hapo, hata kabla ya kuhifadhiwa.

Tuchukue mistari mitatu ya ujenzi. Kuchimba msingi, siku 5, Jumatatu 3 hadi Ijumaa 7 Machi 2025. Kumwaga zege, siku 3, tarehe 10 hadi 12. Kupandisha ukuta, siku 10, tarehe 13 hadi 26. Aliyeandika faili alijua kichwani mwake kwamba zege linasubiri shimo na ukuta unasubiri zege, lakini alichokijua hakikuwa na safu, kwa hiyo hakikuhama. Zilizohama ni tarehe. Project ikipokea tarehe ya kuanza, katika mradi unaopangwa kutoka mwanzo, huifungia kazi hiyo sharti la Start No Earlier Than: isianze kabla ya siku hii. Ya kumaliza hufungiwa Finish No Earlier Than. Sasa wachimbaji wakutane na mwamba, siku 5 ziwe 8. Upau wa kuchimba unarefuka hadi Jumatano 12, na zege halitikisiki, bado linaanza Jumatatu 10. Kwa mujibu wa ratiba, zege linamwagwa kwenye shimo ambalo watu wangali ndani na sululu zao. Na kabla ya mwamba kuonekana, ungeiuliza programu uchimbaji una nafasi gani ya kuchelewa, ingekujibu bila aibu: siku 13 za kazi, maana hakuna kazi inayoutegemea na mradi unaisha tarehe 26. Njia muhimu, ile isiyo na nafasi ya kuchelewa, imebaki na kazi moja tu, ukuta, kwa kuwa ndio unaomalizika mwisho. Mistari ileile ikiingizwa kwa muda na kazi tangulizi, tarehe zikaachwa nje, zege linasogea lenyewe hadi Alhamisi 13 na ukuta unakwenda kuanzia tarehe 18 hadi 31. (Hiyo 31 ilikuwa Idi el Fitri, na kalenda ya Standard ya Project haina sikukuu hata moja, asiyeiweka mwenyewe amewapangia mafundi zamu siku ya pilau.)

Waanzilishi wa fani hii ya kupanga ratiba hawakuchanganya kinachoingizwa na kinachotoka. Mwaka 1957, James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont waliilisha kompyuta ya UNIVAC muda wa kila kazi na ipi inafuata ipi. Tarehe ndizo zilizotoka upande wa pili. Mwaka 1961 John Fondahl wa Stanford akawaonyesha wajenzi kwamba hesabu hiyohiyo inawezekana bila kompyuta yoyote. Sisi wenye mashine inayokokotoa kazi elfu kwa kufumba na kufumbua tunaikabidhi majibu yaliyokwisha kuandikwa, kisha tunashangaa haihesabu. Microsoft nao wana deni lao, na sitaacha kulidai: tangu toleo la 2010, kazi mpya huzaliwa katika hali ya kupangwa kwa mkono, kwa hiyo tarehe inaweza kugandishwa hata pasipo sharti. Programu ya kupanga iliyoanza kwa kuzima upangaji!

Nasikia pingamizi la kwanza: tarehe zimo kwenye mkataba, mpangaji atazitupaje? Asizitupe. Tarehe ya mkataba ina mahali pake, safu ya Deadline, inayowasha alama nyekundu ya onyo kazi ikiipita na wakati huohuo haiisukumi kazi popote. Tarehe nyingine za Excel zipelekwe kwenye Baseline Start na Baseline Finish, zikae hapo kama kipimo cha tulichoahidi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: faili la Excel halina safu ya utegemezi, na aliyeliandika hapatikani. Basi lililopo ni orodha yenye tarehe, na kuihamisha hakutaipa mantiki ambayo haikuwa nayo. Kuna saa kadhaa za kukaa na msimamizi wa eneo la ujenzi na kumuuliza, kazi baada ya kazi, hii inasubiri nini. Kama hata saa hizo hazipo na mteja anataka picha tu, seli zilizopakwa rangi kwenye Excel zina uungwana zaidi, kwa sababu hazijifanyi kuhesabu.

Mengine kwa kawaida hufanywa vizuri: ngazi za kazi zina safu ya Outline Level, majina yamesafishwa, seli zilizounganishwa zimeachanishwa.

Kwa atakayeandika safu ya utegemezi, yaani ya kazi tangulizi, kuna mtego mmoja. Kazi ikitegemea ya 14 na ya 115, ataandika 14,115, na Excel, pale koma inapotenganisha maelfu, itasoma elfu kumi na nne mia moja na kumi na tano. Project itaitafuta kazi namba 14115. Safu ipewe umbo la maandishi kabla ya kuandikwa namba ya kwanza. Ukichelewa, kubadilisha umbo hakurudishi koma.