Gilded Rose: Kupanga Upya Msimbo Mkiwa Wawili

Katika mazoezi wanayopeana waandishi wa programu, Gilded Rose ni kati ya yaliyoenea zaidi. Lilibuniwa na Terry Hughes, na Emily Bache ndiye aliyelisambaza kwa lugha nyingi za kompyuta. Linahusu duka la kubuni ambamo kila bidhaa ina namba mbili: siku zilizobaki za kuuzwa, na ubora. Kila siku ikiisha programu huzishusha zote mbili, isipokuwa kwa vighairi. Jibini la Aged Brie hupanda ubora. Tiketi za tamasha hupanda kwa 2 zikibaki siku 10, kwa 3 zikibaki 5, na tamasha likipita hubaki na sifuri. Anayejifunza anatakiwa aongeze bidhaa inayochakaa kwa kasi maradufu, wakati sheria zote za zamani zimerundikana kwenye funksheni moja, “kama” ndani ya “kama”. Duka ni la hadithi, ila mrundikano huo anaujua yeyote aliyewahi kukabidhiwa mfumo wa zamani autunze.

Naliona zoezi hili lina faida kubwa likifanywa na wawili, na sababu imejificha kwenye jibini. Martin Fowler, aliyeieneza kazi ya kupanga upya msimbo kwa kitabu chake cha mwaka 1999, anashikilia kwamba muundo wa ndani ndio unaobadilika, na tabia inayoonekana kwa nje inabaki ileile. Sharti hilo ni jepesi kulitamka, gumu kulitii ukiwa peke yako. Maelezo ya zoezi yanasema tu kwamba ubora wa jibini huongezeka kadiri linavyokaa. Msimbo unakwenda mbali zaidi: muda wa kuuzwa ukishapita, unauongeza kwa 2 kila siku badala ya 1. Aliye peke yake ni rahisi aone hilo ni kosa, alinyooshe palepale, asijue kwamba ameacha kupanga upya na ameanza kubadili sheria za duka la watu. Akiwapo wa pili, swali linatoka: nani kasema ni kosa? Hapo inabidi waandike kwanza majaribio yanayorekodi msimbo unafanya nini leo, pamoja na vituko vyake, na suala la jibini wamwachie mwenye duka. Kwenye tiketi nako, masharti yanalinganisha siku na 11 na 6, kwa hiyo majaribio yenye maana ni ya siku 11, 10, 6 na 5. Jaribio la siku 8 peke yake lingepita hata kama mpaka ungesogezwa kimakosa kutoka 11 hadi 10. Baada ya hapo ndipo wanaweza kuufuta bila hofu ule mstari unaotoa ubora kwenye ubora huohuo, njia ya kuchekesha ya kuandika sifuri.

Meneja atauliza kwa nini alipe watu wawili kwa kazi ya mmoja. Laurie Williams na wenzake, katika utafiti wao kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, walikuta jozi zikitumia takriban asilimia 15 zaidi ya saa za kazi, na programu zao zikiwa na kasoro pungufu kwa takriban asilimia 15. Wanafunzi si wafanyakazi wa benki, nakubali, lakini gharama hiyo iko mbali sana na maradufu inayoogopwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mjuzi hushika kibodi na mgeni akabaki mtazamaji. Hilo hutokea, na nia njema haitoshi kulizuia. Mikutano ya mazoezi iliyoanzia Ann Arbor, Michigan, mwaka 2009 ina kanuni inayosaidia: kila duru ya dakika 45 ikiisha, msimbo wote unafutwa na kila mtu anatafuta mwenzi mwingine. Mjuzi hana tena cha kukimbilia kumaliza, na mgeni huingia duru inayofuata akiwa na jambo la kumweleza mwenzake mpya.