Kutoka Kwenye Usukani Hadi Juu ya Paa

Dereva wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, haoni vizuri. Amefungwa mikanda kwenye kiti kinachombana mabega na kichwa, na shingo yake imeshikwa na kifaa kilichofanywa cha lazima mwaka 2001, miezi michache baada ya dereva Dale Earnhardt kufariki katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500. Hawezi kugeuka kutazama nani yuko ubavuni. Kioo kinamwonyesha nyuma, lakini gari la kuogopwa zaidi huwa pale ambapo kioo hakifiki. Kwa hiyo macho yake mengine yako juu ya paa la jukwaa, kwa mtu aliyesimama na darubini na redio. Anaitwa spota, na kwangu mimi hakuna fundi anayesifiwa kidogo kuliko yeye katika mchezo ule.

Wengi wao waliwahi kuendesha. Tim Fedewa wa Michigan alishinda mbio 4 za Busch Series, daraja la pili la NASCAR, kabla ya kupanda juu na kuwa sauti ya dereva Kevin Harvick hadi Harvick alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 2023. T.J. Majors naye alifahamiana na Dale Earnhardt Jr., mwana wa yule Earnhardt, kupitia mbio za kwenye kompyuta, akaendesha katika madaraja ya chini, kisha akawa spota wa rafiki yake. Alikuwa sikioni mwa Earnhardt Jr. waliposhinda Daytona 500 mwaka 2014, na mwaka 2018 akawa na Joey Logano aliyetwaa ubingwa. Hawa hawakuwa nyota wa usukani, na nadhani hilo liliwafaa. Dereva wa kawaida hushindania kila nafasi kwa jasho, na njiani anajifunza kusoma magari ya wenzake. Mwenye gari la kasi kuliko yote hana haja ya kusoma sana.

Tazama kazi yenyewe. Magari mawili yanatoka kwenye kona yakiwa sambamba, dereva wetu akiwa upande wa nje na anataka kushuka chini. Juu ya paa sauti inasema: “Ndani. Bado ndani. Mlangoni. Gurudumu la nyuma. Bampa. Wazi.” Basi. Akisikia “wazi” dereva anashusha gari bila kutazama, maana hana pa kutazama. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, gari hukata zaidi ya mita 80 kila sekunde, na gari lenyewe halifiki hata mita 6. Neno likitangulia kidogo, bampa lake linakwangua pua ya jirani, na kwenye uwanja kama Talladega ajali ya mmoja huzoa kundi zima. Likichelewa, mwingine ameshaingia kwenye nafasi ile. Hivyo spota hutangaza hali itakayokuwepo neno likishafika sikioni na mkono ukaitikia. Tena afanye hivyo hata magari yakiwa upande wa pili, mbali ng'ambo ya uwanja, ambako hata kwa darubini magari ishirini huonekana yameshikana kama mabehewa ya treni.

Hapo ndipo miaka ya usukani inapolipa. Aliyewahi kuendesha anajua kwamba pua ya jirani ikisogea karibu na gurudumu la nyuma, upepo unavurugika na mkia wa gari unakuwa mwepesi. Anaiona hali hiyo inavyojijenga kutoka juu, na anaonya kabla dereva hajaihisi kiunoni. Anajua pia kwamba dereva husikia sauti kabla ya kusikia neno. Spota akipayuka, mikono iliyo kwenye usukani hukaza, na mikono iliyokaza huendesha vibaya. Spota hodari husema “ajali mbele, pita juu” kwa sauti ileile anayotumia kutaja mizunguko iliyobaki.

Wafuatiliaji wa Safari Rally watamkumbuka mwelekezi anayemsomea dereva kona. Lakini mwelekezi ana noti alizoandika njia ilipokaguliwa, na yuko ndani ya gari. Wakianguka, wanaanguka pamoja. Spota hana noti. Barabara yake ni magari mengine zaidi ya thelathini, na yote yanahama.

Ila kuna jambo moja ambalo dereva wa zamani lazima aliache chini ngazini: hamu ya kuendesha. Huku juu hana breki, hana lile joto la ndani ya gari, na hasikii tairi linavyolalamika. Akianza kumwambia mwenzake afunge breki wapi, au kwa nini hakuchukua ile nafasi, gari linakuwa na madereva wawili. Wapo wanaoshindwa hapa, na si kwa kukosa jicho. Kunyamaza sekunde kumi, dereva akiwa peke yake kwenye lami safi, ni sehemu ya ufundi kama lilivyo neno “wazi”.

Na wapinzani wote wanasimama bega kwa bega kwenye paa hilohilo. Kwenye viwanja vya Talladega au Daytona, ambako gari peke yake halifui dafu bila mwenzake wa kulisukuma, utamwona spota akimgeukia jirani yake kumuuliza: dereva wako atakuwa na wangu? Makubaliano hufikiwa hapo kwa maneno mawili, na mizunguko kadhaa baadaye yanaweza kuvunjwa. Aliyejijengea jina la mkweli enzi za kuendesha ana mtaji mkubwa hapo juu kuliko mwenye darubini ya bei ghali.

NASCAR huwaruhusu mashabiki kusikiliza redio za timu. Siku ukitazama mbio hizi, achana kwanza na mtangazaji, chagua gari moja, umsikilize spota wake kwa mizunguko ishirini. Kisha ndipo uamue nani anaendesha.